Magharibi ya Jua na Magharibi ya Dira: Kuelekeza Dishi la Kubebeka

Swali tunaloulizwa mara nyingi na wanafunzi wanaoazima dishi la idara kwa ajili ya mazoezi ya ufundishaji ni fupi: mnalielekeza wapi? Kwa muda mrefu jibu letu nalo lilikuwa fupi: magharibi. Mwanafunzi huondoka na sanduku lake ameridhika, na baada ya siku mbili hupiga simu kutoka Kitgum au Kasese akisema king'amuzi kinaandika kwamba hakuna mawimbi, afanyeje. Katika makala haya tunajaribu kutoa jibu refu zaidi, tukianza na aibu yetu wenyewe, kwa kuwa jibu lile fupi lilituangusha hata sisi tuliolitunga.

Wasomaji wetu wa Tanzania na Kenya huenda wakashangaa idara ya Kiswahili inashughulika vipi na madishi. Sababu ni kwamba hapa Uganda mwanafunzi anaweza kusoma Kiswahili miaka minne bila kumsikia mtu akikitumia kwa jambo lisilo somo. Kaskazini mwa nchi hali ni ngumu zaidi, maana wazazi wengi walikisikia kwanza kutoka kwa askari, na kilichosemwa hakikuwa salamu. Kwenye karatasi lugha hii haijakosa heshima: mwaka 1973 Idi Amin aliitangaza kwa amri kuwa lugha ya taifa, mwaka 2005 marekebisho ya katiba yaliifanya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri liliipitisha upya. Lakini amri na vifungu vya katiba havimfikishii mtoto sauti ya mama wa Tanga anayelalamikia bei ya nazi. Dishi humfikishia hiyo, pamoja na taarifa ya habari, mpira na tamthilia, na halimalizi kifurushi cha intaneti katikati ya kipindi.

Basi Jumapili ya Julai 6, 2025 tulifika katika shule moja ya sekondari nje kidogo ya mji wa Gulu. Kesho yake ilikuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na mwalimu mkuu alikuwa ametuahidi ukumbi, jenereta na vidato vitatu vya wanafunzi. Tulipokuwa tumeketi barazani jioni, jua lilizama nyuma ya mwembe mkubwa ulio ukingoni mwa uwanja wa mpira. Mmoja wetu akauonyesha kwa kidole akasema, "Magharibi ndiyo hiyo, kesho hatuna kazi." Wote tukakubali.

Asubuhi tulilielekeza dishi kwenye ule mwembe, tukaliinua kwa kufuata kipimo kilichochongwa kwenye bano lake, tukawasha king'amuzi. Hakuna kitu. Tulibadilisha kebo. Tulikata ncha yake na kuifunga upya. Tukakilaumu king'amuzi, kisha jenereta, kisha mawingu ambayo kwa kweli yalikuwa membamba kama chachi. Ilipofika saa sita wanafunzi walikuwa tayari wamepangwa ukumbini, wanaimba nyimbo za kupoteza muda, na mwalimu mkuu amekwisha kutazama saa yake mara tatu.

Aliyetuokoa ni mwalimu wa jiografia wa palepale shuleni, mzee mpole aliyekuja na dira ya kusomea ramani. Hakuuliza habari ya kebo. Aliuliza, "Mnatafuta nyuzi ngapi?" Tukamwonyesha karatasi yetu: 264. Akasogea mbali na dishi, akaulenga ule mwembe kwa dira, akatuita tusome wenyewe. Dira ilisema karibu 290.

Hapa inafaa tusimame kidogo, kwa sababu kosa letu lilikuwa pia kosa la lugha. Majina ya pande nne katika Kiswahili hayakutokana na chanzo kimoja. Kaskazini na kusini zimetokana na pepo, kaskazi na kusi, zilizokuwa zikiendesha majahazi. Mashariki na magharibi ni maneno ya asili ya Kiarabu, nayo yanahusu kuchomoza na kuzama kwa jua. Ndiyo maana sala ya jua linapozama huitwa magharibi. Kwa hiyo neno lenyewe linamwambia mtu atazame jua. Lakini jua huzama magharibi kamili, yaani nyuzi 270 za dira, karibu na siku mbili tu kwa mwaka: Machi 20 na Septemba 22 au 23. Mwishoni mwa Juni na mwanzoni mwa Julai huzama karibu nyuzi 23 upande wa kaskazini wa magharibi. Mwishoni mwa Desemba huzama nyuzi kama hizo upande wa kusini. Sisi tulikuja Julai. Tena setilaiti yenyewe, kwa mtu aliye Gulu, iko kusini kidogo ya magharibi kamili. Makosa hayo mawili yalijumlishana.

Sasa setilaiti iko wapi? Setilaiti za matangazo ya televisheni hukaa juu ya mstari wa Ikweta, kilomita 35,786 kutoka usawa wa bahari. Kwa kimo hicho huizunguka dunia kwa saa 23 na dakika 56, muda uleule ambao dunia hujizungusha, ndiyo sababu kwetu huonekana kama zimesimama mahali pamoja. Kila moja hutajwa kwa longitudo iliyo chini yake. Matangazo ya Azam TV, ambayo ndiyo tunayoyatafuta kwa sababu ya wingi wa Kiswahili chake, hupitia setilaiti iliyo nyuzi 7 mashariki, yaani juu ya Ghuba ya Guinea, si mbali na kisiwa cha São Tomé. DStv hutumia nyuzi 36 mashariki, ambayo ni longitudo inayopita karibu sana nasi.

Kwa kuwa Uganda imekalia Ikweta, setilaiti zote kwetu zimejipanga kama shanga kwenye uzi unaotoka mashariki, ukapita utosini na kushukia magharibi. Mtu wa Ulaya akitafuta setilaiti hutazama kusini, na dira ndiyo kila kitu kwake. Sisi dira hutuambia jambo moja tu, kwamba uzi ule unashuka upande gani hasa. Kazi iliyobaki ni ya mwinuko.

Mwinuko ni pembe kati ya upeo wa macho na setilaiti. Kutoka Kampala, setilaiti ya nyuzi 7 mashariki iko uelekeo wa nyuzi 269 na mwinuko wa nyuzi 60. Kutoka Gulu uelekeo ni 264, mwinuko ni uleule 60. Wenzetu wa nchi jirani watakaoilenga setilaiti hiyohiyo watapata hivi: Kigali 275 na mwinuko 63, Bukavu 276 na 64, Bujumbura 278 na 63 na nusu, Kisangani 268 na 69. Walioko Lubumbashi, kwa kuwa wamekwenda mbali kusini, watalenga 298 na mwinuko 63, na hao wasithubutu kusema "magharibi" tu. Setilaiti ya nyuzi 36 mashariki ikitazamwa kutoka Kampala ina mwinuko wa nyuzi 86, karibu kabisa na utosi, na dishi lake hulala kifudifudi kinyume, uso juu.

Tofauti hii ya mwinuko ndiyo inayoamua dira ina uzito gani. Mwambie mwanafunzi anyooshe mkono mbele yake, kisha ageuke kidogo: ncha ya kidole itasafiri mbali. Sasa auinue mkono mpaka ukaribie kusimama, ageuke vilevile: kidole hakitakwenda popote. Kwa mwinuko wa nyuzi 60, kosa la nyuzi 10 kwenye dira huwa kosa la nyuzi 5 angani. Kwa mwinuko wa 86, kosa lilelile halifiki hata uzi mmoja. Sisi pale Gulu tulikosea kwa zaidi ya nyuzi 25, maana yake angani tulikuwa tumeikosa setilaiti kwa nyuzi 13 hivi. Dishi letu lina upana wa sentimita 90, na dishi la ukubwa huo huona eneo la nyuzi mbili tu hivi. Tungeweza kukaa pale hadi Krismasi.

Ndugu msomaji akiuliza kama dira yenyewe ni ya kuaminiwa, jibu ni kwamba hapa kwetu ni ya kuaminiwa kuliko sehemu nyingi. Sindano hufuata kaskazini ya sumaku, si kaskazini ya ramani. Cape Town tofauti kati ya hizo mbili hufika takriban nyuzi 25. Uganda haifiki 3, na mwenye haraka anaweza kuisahau. Kinachotuponza ni chuma. Bati la paa, tangi la maji, nondo zilizo ndani ya zege, gari aina ya pikapu, na dishi lenyewe kama ni la chuma, vyote huivuta sindano. Simu za siku hizi zina dira ndani yake, nazo hufaa, ila lazima kwanza uzungushe simu hewani kwa umbo la nane, na uivue kama imevaa kifuko chenye sumaku. Na kama ndugu aliye Ulaya amekuletea dira ya zawadi, ijaribu kwanza: dira za kule husawazishwa ili sindano isiiname kuelekea kaskazini, na huku kwetu huinama kuelekea kusini, wakati mwingine hadi ikagusa kioo na kukwama. Iguseguse kwa kidole. Ikikataa kucheza, isikutie moyo kwa namba yake.

Tulivyofanya hatimaye, na tunavyofanya tangu siku hiyo, ni hivi. Kwanza tunasimamisha stendi ya miguu mitatu mahali pasipo na mti upande wa magharibi, na tunaning'iniza mfuko wa mchanga katikati yake. Mlingoti lazima usimame wima. Fundi mwashi ana timazi, sisi tunatumia uzi wenye nati. Hatua hii watu huiruka, halafu wanashangaa kipimo cha bano kinawadanganya. Kipimo kile kinasema kweli pale tu mlingoti uliposimama sawasawa.

Kisha mmoja anarudi nyuma ya dishi hatua kama saba, mbali na chuma chote, anashika dira usawa wa tumbo, anageuka mpaka ipatikane namba ya mahali hapo. Hageuzi dishi. Anatafuta kitu kisichohama kilicho kwenye mstari huo: kona ya jiko, mnara wa simu, mti. (Ng'ombe aliyelala tuliwahi kumtumia, hatumpendekezi.) Halafu dishi linaelekezwa kwenye alama hiyo kwa macho. Kule Gulu alama yetu mpya ilikuwa bomba la moshi la jiko la shule, mbali sana mkono wa kushoto wa ule mwembe.

Kuhusu mwinuko, kuna jambo linalowachanganya wengi. Dishi dogo la kisasa si duara kamili. Ni refu kidogo kwenda juu, na kile kichwa cha kupokea mawimbi ambacho mafundi hukiita LNB kimeshikwa na mkono upande wa chini. Dishi la namna hii hutazama juu zaidi kuliko linavyoonekana. Likisimama wima kama ukuta, tayari linatazama mwinuko wa nyuzi 22 hadi 26, kutegemea lilivyoundwa. Kwa hiyo mwinuko wa 60 haumaanishi kulilaza nyuzi 60. Unalilaza nyuzi 35 hivi tu kutoka wima. Anayelilaza kwa macho yake, bila kutazama kipimo, mara nyingi huwa analitazamisha utosini.

Jambo la tatu ndilo tulilolisahau hata baada ya dira kutusaidia. Tuliligeuza dishi kwenye lile bomba la moshi, tukasubiri, na bado king'amuzi kikakataa. Mawimbi ya setilaiti hizi hutumwa kwa namna mbili, ya mlalo na ya wima, na king'amuzi huchagua moja kati yake. Majina hayo hupimwa kwa Ikweta. Mtu wa Ulaya anayetazama kusini huona mlalo ukiwa umelala kweli. Lakini sisi tulio juu ya Ikweta, tukitazama magharibi, tunauona mstari wa Ikweta wenyewe ukisimama mbele yetu kutoka ardhini hadi utosini. Basi mawimbi ya mlalo hutufikia yakiwa yamesimama, na ya wima yakiwa yamelala. LNB iliyoachwa katika hali ya kumtazamia setilaiti wa kusini huyachukua yote kinyume. Dawa yake ni kulegeza skrubu na kuizungusha LNB ndani ya kishikio chake karibu nyuzi 90: Kampala 89, Gulu 84. Tumewasikia mafundi wa mjini wakiambizana "ilaze LNB," wala hawaelezi kwa nini. Sasa mnajua.

Baada ya hapo ni subira. Dira inakuleta jirani, haikuingizi mlangoni. Funga nati kiasi cha dishi kusogea kwa kusukumwa, fungua ukurasa wa king'amuzi unaoonyesha nguvu na ubora wa mawimbi, kisha sogeza dishi upana wa kidole, simama, hesabu hadi tano. King'amuzi huhitaji muda wa kuyatambua mawimbi, na anayezungusha dishi mfululizo hupita juu ya setilaiti bila kujua. Usifurahie mstari wa nguvu peke yake. Hupanda hata ukilenga setilaiti ya jirani. Mstari wa ubora ndio wa kuangalia. Ukienda nyuzi 10 kila upande bila mafanikio, inua au shusha uzi mmoja, uanze tena. Mtu mmoja akae penye dishi na mwingine penye televisheni, na wakubaliane maneno kabla. Sisi tulipoteza robo saa kwa sababu mmoja alikuwa akisema "kulia" kwa kulitazama dishi na mwingine kwa kulipa mgongo.

Picha ilitokea saa saba na dakika kumi. Taarifa ya habari tulikuwa tumeikosa nusu nzima, na mtangazaji alikuwa katika utabiri wa hali ya hewa, anataja Mtwara, Lindi, Pemba, mvua hafifu na upepo wa kusi. Ukumbi ulinyamaza. Tulikuwa tumeandaa maswali ya ufahamu kuhusu habari za siku, hayakufaa tena, tukawaacha wasikilize. Msichana mmoja wa kidato cha pili aliyekaa mbele alituinamia akanong'ona, "Mwalimu, huyu mbona hamgombezi mtu?" Tulimjibu kwamba anaeleza mvua. Akaendelea kutazama.

Yapo maneno mawili yaliyotupa kazi ya ziada darasani, nayo tunayataja kwa faida ya watakaofuata. Kwanza ni dira yenyewe. Wanafunzi wetu wa chuo wanaifahamu kutoka kwenye mabango ya ofisi, "Dira na Dhamira", na wengi hawakuwahi kufikiri kwamba ni chombo chenye sindano kinachoshikika mkononi. Pili ni dishi. Wapo wanaoliita ungo, nasi tunalipenda neno hilo kwa sababu umbo ni lile la ungo wa kupepetea. Lakini mwalimu mwanafunzi aliyeandika kwenye taarifa yake kwamba "ungo wa shule umevunjika" alisababisha kicheko ambacho hakukitarajia, naye alieleweshwa baadaye na akina mama wa idara.

Kwa wasiokuwa na dira, ipo njia moja, ila hupatikana mara mbili kwa mwaka. Karibu na Machi 20 na Septemba 22 au 23, jua nalo hupita kwenye uzi uleule wa setilaiti. Katika siku hizo, likitazamwa kutoka Kampala au Gulu, hufika hasa mahali ilipo setilaiti ya nyuzi 7 mashariki karibu saa tisa alasiri mwezi Machi, na kama robo saa kabla yake mwezi Septemba. Simika kijiti wima, weka alama kwenye kivuli chake dakika hiyo. Upande unaoelekeana na kivuli ndio uelekeo wako. Wakati huohuo walio na madishi yaliyokwisha kufungwa watapoteza picha kwa dakika chache, maana jua lenyewe hutoa mawimbi yanayoyameza yale ya setilaiti. Msimwite fundi, ngojeni, yatarudi yenyewe.

Dishi, stendi, king'amuzi na spana namba 10 na 13 vimo katika sanduku la kijani katika chumba cha vifaa, na karatasi ya nyuzi za miji imebandikwa ndani ya kifuniko. Dira imo katika mfuko wa kitambaa na irudishwe humo, si pamoja na spika. Ile ya kwanza ilikaa na spika muhula mzima, na sumaku ya spika iliigeuza ncha zake. Ilipotolewa, kaskazini yake ilikuwa kusini. Kwa hiyo atakayeazima sanduku aitoe dira nje asubuhi, jua likiwa bado chini, ahakikishe kwamba upande inaouita mashariki ndiko lilikochomoza, japo kwa kukadiria, kabla hajapanda basi.